Barua Iliyotoka Bila Kalamu Yako Nyekundu

Kaka yangu Hamisi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila kukuamkia utasema Mwajabu kaota mapembe tangu amzike kaka yake. Naandika Kiswahili maana Kiingereza changu unakijua, kinaishia kwenye boksi la dawa ya mswaki. Mwenye Kiingereza humu ndani ni mwanangu Zuhura, na leo nitakusimulia habari zake mpaka uchoke.

Mpwa wako ni mwalimu wa chuo, kaka! Pale Mazimbu. Anasimama mbele ya watu wazima wenye ndevu zao, wanaandika anachosema. Juzi nilikwenda Dumila kununua vitunguu, muuzaji hakuniuliza kitu, nikamwambia mwenyewe. Akaniongezea fungu zima, nadhani ili ninyamaze.

Kiti chako bado kipo barazani hapa Kihonda, palepale ulipopenda, uione milima ikijifunika wingu. Miwani yako ya kamba nimeiweka kwenye mkebe pamoja na kalamu nyekundu uliyosahihishia barua za watu. Nikifagia naviinua, navifuta, navirudisha.

Unakumbuka watu walivyokuwa wakishuka na barua zao? Katika ukoo wetu hakuna barua ya Kiingereza iliyotoka bila kupita kwako, mjomba wa wote. Mtu anateremka kutoka kule juu mlimani na matope mpaka magotini, karatasi kaifunga kwenye nailoni, anakaa mkekani, anasoma kwa sauti. Wewe umefumba macho. Likija neno baya unagonga meza: "Rudia!" Sentensi isianze na *and*, wala *but*. Isiishie na *with*. Mtu akijisema mwenyewe aseme *I shall*, asithubutu *I will*. Na mwisho wa barua lazima ajishushe mpaka chini, awe mtumishi mtiifu wa huyo mkubwa ambaye hata hamjui. Binamu yetu Shabani aliomba kazi ya ulinzi, ukamwandikisha mara nne. Akasema, "Kaka Hamisi, mimi naenda kulilinda geti, siendi kulihutubia!" Ulicheka mpaka miwani ikaanguka. Ukaifuta, ukamwambia, "Rudia."

Mimi nilikuwa pembeni nafunga mdalasini wangu wa kuuza. Darasa la saba langu ni hilo hilo, lakini sheria zako nilizishika zote kwa masikio. Najivunia hilo, nisikufiche.

Sasa sikia nilichofanya. Arobaini yako ilikuwa imepita, chuo kikatangaza nafasi. Zuhura akaandika barua, akaichapisha stesheneri, akaiweka mezani akaingia kuoga. Ilikuwa siku ya mwisho, na barua zilipokelewa mpaka saa tisa alasiri. Nikaichukua nione. Kaka, nikakuta *but* imesimama mwanzo wa sentensi, haina hata haya. Chini yake sentensi imeishia na *with*. Na mwisho hakuna mtumishi wala mtiifu, jina tu kavu. Nikaona kama mtu amekaa kwenye kiti chako bila kuomba. Nikafungua mkebe, nikatoa kalamu, nikachora. Mistari mitatu, minene, kwenye nakala safi.

Alipotoka hakupiga kelele, unamjua. Akasema taratibu kwamba sheria zile Waingereza wenyewe wameziacha, na nyingine hazikuwa sheria tangu mwanzo, watu walirithishana tu. Nikamjibu, "Waziache wao, ni lugha yao wanaichezea. Mjomba wako hakuacha."

Akasema, "Mama, mjomba ndiye aliyeniambia niziache."

Ndipo akanieleza uliyomwambia ukiwa kitandani hospitali, siku aliyokuwa anakukata kucha.

Kaka, mama yetu alipougua mlimani wewe ulikuwa kijana, unafundisha mbali. Tulikupelekea habari. Ulifika tumeshazika, udongo umeanza kukauka. Nilikuwa msichana mdogo, nikakuuliza mbele ya watu wote, "Ulikuwa wapi?" Hukujibu. Basi swali hilo likawa jiwe langu. Kila tulipokosana nilikutupia. Hata ule ugomvi wetu wa mwisho, wa migomba ya mama, nilikuambia: wewe si ndiye hukuja kumzika?

Kumbe uliandika barua ya ruhusa siku ileile habari ilipokufika. Kumbe mkubwa wako wa kazi aliirudisha kwa sababu ya kineno kimoja mwishoni mwa sentensi. Ukaandika tena, akairudisha: umesema *will*. Ukaandika ya tatu, akasema hujajishusha vya kutosha, akawasomea wenzake ofisini wakacheka. Kila kurudishwa ni siku. Na mama alikuwa anazihesabu siku hizo, mimi nikimshika mkono.

Miaka yote nilidhani Kiingereza chako ni cha maringo. Nikakisifia sokoni. Kumbe ulikuwa unakaa barazani pale ili barua ya mtu wetu isirudishwe na mtu yeyote, tena.

Nikajitazama mkononi, kalamu bado ninayo. Ilikuwa saa saba na nusu. Barua ya mtoto imejaa wekundu, na aliyeirudisha ni mimi.

Sikungoja aniambie. Nilipanda bodaboda na mwili wangu huu, flashi yenye barua nimeifunga kwenye pindo la kanga, mpaka stesheneri. Nilivyorudi Zuhura akasimama mbele ya kiti chako, akaisoma yote kwa sauti, mbiombio. *But* ikiwa palepale. Nikasikiliza meza. Haikugongwa. Nikamwambia, "Peleka, mwanangu."

Akawahi.

Nimefikiri sana juu ya zile sheria. Sisi tuliambiwa mdalasini usikatwe kiangazi, na tuliambiwa usiumenye ukiimba. Ya kwanza ni kweli, kiangazi ganda haliachii. Ya pili nimeivunja maisha yangu yote, na mdalasini wangu unanukia kuliko wa mtu yeyote pale sokoni, waulize. Na sheria zako ziko hivyo hivyo. Zuhura anasema siku ya kwanza darasani aliziandika zote ubaoni, akawaambia wanafunzi, "Hizi kanifundisha mjomba wangu. Zijueni, asije mtu akawacheka nazo. Halafu niwaonyeshe za kuacha." Mimi ningemwachia *I shall*. Inasikika kama shati lililopigwa pasi.

Kaka, nisamehe. Ungejibu siku moja tu... lakini ungejibuje, mbele ya kaburi la mama, kwamba ulichelewa kwa ajili ya kineno? Nami ningeelewa nini?

Nimeliandika lile swali kwenye karatasi, "Ulikuwa wapi?", nikalichora mstari mwekundu. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya kalamu yako. Sasa imelala kwenye mkebe. Watu bado wanateremka na barua zao, wanazisoma mbele ya kiti, Zuhura anawasaidia, nami nawapa chai. Nakuahidi, maadamu nipo, hakuna barua itakayolala hapa ikisubiri neno.

Pumzika, kaka. Msalimie mama, umwambie uliomba ruhusa mapema.

Ni mimi mdogo wako,
Mwajabu, mama wa mwalimu wa chuo