Saa ya Mama Bijou

Bellevue, Johannesburg
Oktoba 1998

Mpendwa dada Neema,

Shikamoo. Wewe na Bibi mnaendeleaje? Kile kikohozi chake kimepoa? Sisi hatujambo, ila Mama miguu inamsumbua kwa kusimama kazini. Baba bado yupo Durban kikazi.

Dada, mwezi huu nilidhani shule nimeiaga. Unajua Mama anafanya usafi hospitalini usiku, na mchana ndipo analala. Mdogo wetu Sipho hushinda kwa jirani yetu Mama Bijou, Mkongomani anayesuka nywele chumba cha pili. Sasa ikaanza kusikika saa ya kengele. Mama akishapata tu usingizi, trrrrrr, bila kukoma. Akagonga ukuta.

"Mama Bijou! Zima saa yako, wenzio tumetoka kazini!"

"Mimi siko na saa, mama! Bwana yangu ndiye alikuwa na saa, na alienda nayo!"

Wateja wake wakaangua kicheko, na Mama akaona anadhihakiwa. Siku hiyohiyo akamtoa Sipho kule. "Rehema," akaniambia, "utakaa na mdogo wako mpaka nipate mtu mwingine." Niliikunja sare yangu nikailaza chini ya godoro. Mitihani inakaribia, dada.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia uani, chini ya mwaloni, ule mti wa Ibrahimu tuliousoma katika Biblia. Huku imejaa mitaani; mwalimu anasema mbegu zake zililetwa kutoka ng'ambo. Saa ikalia juu ya kichwa changu! Nikatazama. Kwenye tawi kavu palikuwa na tundu la mviringo, na mlangoni pake ndege wa manjano mwenye kishungi cheusi, kifuani kana kwamba amerushiwa mchuzi wa pilipili. Koo lilikuwa likitetemeka. Kiumbe kidogo vile, na sauti inajaza nyumba nzima.

Nilisahau kufagia. Kadiri nilivyotazama, ndivyo mti ulivyozidi kufunguka. Kundi la ndege weusi wenye midomo mirefu myekundu lilipanda shina likidonoa magome, wote wakicheka kwa pamoja kama watu waliotoka harusini. Juu kabisa, videge vya kijani vyenye miduara myeupe machoni vilipita jani kwa jani. Chini, mmoja wa kahawia alipindua majani makavu akitafuta minyoo. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Miaka yote tumeishi chini yao, dada, nami nilidhani ule ni mti tu.

Nikamwamsha Mama, japo niliogopa. Nikamwita na Mama Bijou, akaja na chanuo mkononi. Wakasimama wawili bila kutazamana. Na ndege akanyamaza!

"Umeniamsha nije kuona majani?" Mama akauliza.

Nilimwomba Mungu kimoyomoyo. Mama alikwishageuka kurudi ndani, ndipo ikalia: trrrrrr!

Mama Bijou akainua chanuo lake juu. "Ile ndiyo saa yangu? Eish! Panda basi, Mama Sipho, uizime!"

Mama akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakawa yanamcheza, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. "Nisamehe, mwenzangu," akasema. "Ni usingizi ulionifanya vile."

"Usingizi, na kichwa kigumu," Mama Bijou akajibu. Halafu akanyoosha mikono: "Lete mtoto wangu Sipho."

Jumatatu nikavaa sare. Mwalimu wa sayansi amenieleza kwamba wapo watu ambao kazi yao ni kutazama ndege na kuandika wanavyoishi. Jambo hilo haliniondoki kichwani.

Ndege bado analia kila asubuhi, dada, sauti ni ileile. Mama anageukia ukutani na kulala.

Unisalimie Bibi, mjomba fundi baiskeli, na shangazi wa kwaya.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka sana,
Rehema