Neno "confuse" na Kifo cha Tata Ilunga

Mama mupenzi,

Salamu kutoka Kitwe, huku Zambia. Mguu wako umepona? Mwene-Ditu mmepata pa kulala pakavu, au bado mko kituoni na wale wote walioshushwa kwenye treni? Mi nina afya. Napakia magunia ya unga sokoni, na jioni nasoma Kiingereza kanisani.

Wiki jana mwalimu wetu alitufundisha neno "confuse". Alisema lina kazi mbili: kumvuruga mtu akili, na kumdhania mtu kuwa mwingine. Kila mmoja atunge sentensi. Mi niliandika kwamba walimdhania Tata Ilunga kuwa mimi. Akaweka alama ya sawa. Nikatoka nje, nikauchana ule ukurasa.

Mama, hata wewe nilikuambia hivyo, kwamba wale watu walikosea. Sikiliza ilivyokuwa.

Asubuhi ile, ulipokuwa umeshatangulia kituoni Kolwezi, vijana waliokuwa wakitufukuza sisi watu wa Kasai waliingia mtaani kwetu Kapata kwa lori, na mapanga na nondo. Hawakuwa wa mtaa wetu, hawakujua sura zetu. Tata Ilunga, jirani, alikuwa mlangoni kwetu akinisaidia kufunga godoro. Mmoja akaniwekea panga shingoni.

"Mukasai wa hii nyumba ni nani?"

Mama, mkono wangu ulinyoka kumwelekea Tata Ilunga.

"Njo huyu."

"Hapana! Mi ni muntu wa Malemba, wa hii jimbo!" Tata Ilunga alilia. "Kalala, baambie!"

"Jina yako?"

"Ilunga."

Jina hilo liko kwao Malemba, liko na kwetu Kasai. Wakacheka.

"Bote banasema vile."

Nondo ya kwanza ilimvunja taya, hakuweza tena kusema lugha yoyote. Wakamkata kichwani na mikononi mpaka akaacha kujikinga. Mi nilisimama tu na kamba ya godoro. Walidhani mi ndiye jirani, wakaniachilia. Nilikimbia, sikumfunga hata macho.

Hawakukosea wenyewe. Mi ndiye niliyewavuruga.

Mke wake, aliyekimbilia Lubudi kwa wazazi wake, bado anatuombea, wewe na mimi. Leo nimemwandikia yote, jina langu chini. Barua hiyo imeshaondoka na dereva wa lori. Ndugu za Tata Ilunga wakikufikia, usinikane, usinitetee. Waambie ninapokaa.

Nisalimie dada Ntumba na batoto bake, na mjomba, kama ameshawapokea.

Mi mutoto wako, kama bado utapenda kuniita hivyo,

Kalala