Fundi Anasema Taa Nzima, Mimi Naona Mishumaa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa nikuambie mapema kwamba mimi si mtu wa kuomba, mimi ndiye ninayeombwa, maana barabara unazozisikia wewe kwenye taarifa za habari mimi nimezipita zote, nimeendesha malori, nimeendesha mabasi, nimeendesha hata gari la kubeba maiti, ambalo abiria wake ndio pekee ambao hawajawahi kunilalamikia, na shule niliiacha darasa la sita lakini hata mahakimu wamesimama kuniuliza njia.

Siku hizi nina gari langu mwenyewe, la zamani, rangi yake haina jina tena, na kila alfajiri giza likiwa bado limetanda nabeba wauguzi wa zamu ya asubuhi kutoka mtaani kwetu mpaka hospitali, na yule ambaye mwezi umemkalia vibaya, hana nauli, namwambia panda tu mwanangu, wagonjwa hawawezi kukusubiri.

Tatizo ni taa za mbele. Zilianza kufifia kidogo kidogo, nikampelekea shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi umeme wa magari, karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu, na haki yake nampa, mara ya kwanza alikuta ubovu kweli, ule waya wa ethi, wa kurudisha umeme, unaofungwa kwenye bodi ya gari ulikuwa umeliwa na kutu, akaukwangua kwa msasa mpaka ukang'aa, akaukaza, taa zikawaka, nikamsifu mtaa mzima. Baada ya muda nikaona zinafifia tena. Akasafisha soketi, akabadilisha rilei inayowasha taa, akasugua vioo vya taa vilivyokuwa vimegeuka manjano, nikamwambia bado. Mwisho akaleta mita yake, injini inaunguruma, akapima kwenye betri, akapima kwenye balbu, akaniambia, "Shemeji, umeme unaotoka ndio unaofika. Hizi taa ni nzima."

"Nzima kwa nani?" nikamuuliza. "Mbona mimi naona mishumaa?"

Akamwita dada yake atoke jikoni, mke wangu akaja na mwiko mkononi, akautazama ukuta tulioumulika, akasema, "Mishumaa gani, baba watoto? Mbona hata nyufa zinaonekana?"

Hapo nikajua wamepanga, si ni tumbo moja wale, nikamwambia shemeji ufundi wake ni wa pasi, achukue mita yake akapimie uji. Aliondoka bila kuaga, na mpaka leo akipita uani anasalimia gari, mimi hanisalimii.

Basi nikanunua mwenyewe balbu zenye nguvu kuliko zile zilizoandikwa kwenye soketi, nikazifunga kwa mkono wangu, nikajisikia mfalme kwa muda mfupi, kisha ikaja harufu ya plastiki kuungua, soketi ya kushoto imeanza kuyeyuka kama peremende, na kuona bado sioni, hasa gari likija mbele yangu, taa zake zinavimba zinakuwa na duara kama mwezi wa mvua, siku hizi kila mtu anawasha fulu, adabu imekwisha barabarani.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Kuna gari la mikate linalopita njia yetu alfajiri, taa zake za nyuma nyekundu nzuri, basi mimi najibanza nyuma yake, likipunguza napunguza, likikata kona nakata. Wiki iliyopita likakata, nami nikakata, likaingia geti, nami nikaingia, na wauguzi wangu wote ndani, mpaka mlinzi akaja kugonga boneti na tochi yake akaniuliza, "Mzee, na wewe umeleta unga?" Tulikuwa ndani ya uwanja wa kiwanda cha mikate, mshauri. Wauguzi walicheka wakashika mbavu, nami nikacheka kuwashinda, nikasema nilitaka kuwanunulia mikate ya moto, na nikanunua kweli, kila mtu na wake. Lakini mmoja hakucheka, yule anayekaa kiti cha mbele kwa sababu ya ujauzito wake. Aliushika mkate mapajani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, ulikuwa unaona?"

Nikajifanya sijasikia. Tangu siku hiyo nikigeuza ufunguo viganja vinatoka jasho, nimeanza kuvaa glavu, nawaambia ni baridi.

Mke wangu nilimfundisha udereva mimi mwenyewe, leseni anayo, juzi akaniomba funguo za alfajiri, nikamuuliza kwani nani amekufa. Niambie, dada yangu, nikamwangukie shemeji, au nitafute fundi mwenye mashine za kisasa, au gari limezeeka niliache? Na nikiliacha, mimi bila usukani ni nani?

Ni mimi, Mfalme wa Kona

MSHAURI ANAJIBU

Mfalme wa Kona, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nilishika kifua.

Shemeji yako amefanya kazi yake yote. Alianza kwenye ethi, akaja kwenye soketi, rilei na vioo, akamalizia kwa mita, na mita haina dada jikoni wa kuionea huruma. Umeme umefika kwenye balbu, mwanga umefika ukutani, mkeo ameona nyufa. Kutoka ukutani kurudi kwako hakuna waya, kaka yangu. Kuna macho yako tu. Na hao madereva wote unaowatukana hawakukosa adabu kwa mpigo. Hilo duara kwenye taa zao unaliona wewe.

Nawe unajua. Mtu asiyejua havai glavu.

Sikudharau. Najua kumwambia dereva kwamba haoni ni kama kumvua nguo sokoni. Ungekuwa unaendesha peke yako ningekubembeleza kidogo. Lakini umejaza gari wauguzi, mmoja ana mtoto tumboni, na unawapeleka popote gari la mikate linapokwenda! Siku lile gari likienda shimoni je? Utawanunulia nini?

Kwanza, hizo balbu zitoke leo, ukishamaliza kusoma hapa, zirudi zile za saizi yake. Waya za gari la zamani hazikuwekwa kubeba moto huo, na soketi inayoyeyuka kesho inawaka. Hiyo kazi usiifanye wewe. Nenda kwa shemeji, usijieleze sana, mwambie, "Ulisema kweli, nami nilikutukana." Akikuchekea, mwache acheke. Ana haki.

Pili, nenda hospitali. Njia unaijua, mlango wake unauona kila siku. Safari hii pita ndani, uliza wanapotazama macho. Sijui una nini, mimi si daktari, lakini macho nayo yana mafundi wake na vipimo vyake, na mengi yanatengenezeka kuliko unavyoogopa. Usiende kununua miwani ya barabarani ukajipima mwenyewe. Tumeshaona ulivyojifungia balbu.

Mpaka huyo daktari akuruhusu, giza si lako. Alfajiri funguo ni za mama watoto. Wewe panda naye, mkumbushe mashimo yalipo, na tafadhali usikanyage breki ambayo upande wako haipo. Unauliza bila usukani wewe ni nani. Wewe ndiye uliyemfundisha anayewapeleka watu kazini. Na ndiye unayemwambia asiye na nauli apande. Hilo halihitaji taa.

Kuna mtu mmoja bado hujamjibu. Kesho, kabla mkeo hajawasha injini, vua hizo glavu, umgeukie yule binti wa kiti cha mbele, umwambie: "Hapana, mwanangu. Sikuwa naona." Kisha nenda ukae nyuma.