Tulipofika Kambini Kwako

Deo,

Ile safari uliyoihangaikia imefanyika. Tumeenda Lebanon, tumepiga rock kambini kwenu, tumerudi salama. Mwaliko ulikuja wewe umeshazikwa. Niliposikia wakubwa wenu wamekubali bendi ije kuwachangamsha walinda amani, nilichukua simu nikupigie. Nililitafuta jina lako kabisa, halafu nikakumbuka.

Sasa niko peke yangu kwenye stoo ya shangazi hapa mtaani Soweto, tulipokuwa tunafanyia mazoezi. Wenzetu wametawanyika, kila mtu na shughuli zake. Nakuandikia wewe kwa sababu wengine wote wananiuliza tu kama kule kuna baridi.

Nafasi yako kwenye gitaa ameichukua kijana wa Arusha. Anapiga vizuri kuliko wewe, na ndiyo maana simpendi. Hakosei. Wewe ulikuwa ukikosea unanitazama, unacheka, na mimi naongeza besi kukufunika. Siku hizi nikigeuka kushoto namkuta mtu anaangalia vidole vyake, na sina wa kumfunika.

Kabla ya kuondoka nilipanda kwenu Kibosho kumuaga mama yako. Mvua ilikuwa imeharibu njia, bodaboda akanishusha huko chini, nikafika viatu vimejaa tope. Alinipa kahawa ya shambani kwake, ameikaanga na kuitwanga mwenyewe, niwapelekee wenzako. Kisha akaniambia kwamba siku ya mazishi askari walimtendea vizuri sana, ila kuna jambo moja aliona haya kuwauliza wageni.

"Kaniulizie, mwanangu. Alikuwa peke yake?"

Nikaahidi kuuliza. Ndani ya ndege wenzangu walilala, mimi nikawaza nitaanzia wapi.

Kambini ungecheka. Tumeshafunga spika zote, mpiga ngoma amekunja mikono ya shati, anakuja afande mmoja mpole anatuomba tupige kwa sauti ya chini, kwa sababu walio kwenye zamu lazima wasikie king'ora kikilia. Rock ya sauti ya chini, Deo. Tulipoanza bendi nyumbani kwenu, mama yako alitusihi tupunguze, ng'ombe wake hatoi maziwa, tukambishia mpaka akatufukuza. Safari hii tulipunguza. Mpiga ngoma alifunika ngoma zake kwa mataulo. Askari wakasogeza viti mpaka miguuni kwetu ili wasikie.

Nikaanza ule wimbo wetu wa kwanza, tuliotunga tukiwa wanafunzi. Wakauimba wote. Wala si kiitikio tu, waliimba beti zote, hata ule ambao mimi mwenyewe huusahau. Kumbe ulikuwa unawapigia kila Jumapili jioni. Mimi nilishindwa kuendelea, wao wakamalizia. Nilikuwa mbele ya watu wote wale na sijawahi kuwa mpweke namna ile.

Baadaye tulikunywa kahawa ya mama yako bwaloni, na hapo nikakaa na Koplo Hamisi, yule wa Tanga uliyelala naye chumba kimoja. Nikamuuliza. Alikizungusha kikombe mkononi. Alisema jioni ile wote walikwenda bwaloni kuangalia mpira, wewe ukabaki chumbani unabadilisha nyuzi za gitaa. Uliwaambia watangulie, unakuja. Kipindi cha mapumziko Hamisi akaenda kukuita, akakuta moyo umeshasimama. Daktari alimwambia hata angekuwepo asingeweza kufanya kitu. Maneno hayo hayamsaidii. Usingizi wenyewe haupati.

Alinishika mkono. "Dada, ukimwambia mama, sema nilikuwepo. Sema nilimshika."

Nilimwelewa, na nikakubali. Nikarudi na huo uongo nimeupanga vizuri: nani alikaa wapi, nani alisema nini. Hata maneno ya mwisho nilikutungia, mazuri kuliko chochote ulichowahi kusema maishani.

Juzi nikapanda Kibosho. Nikaamkia, nikakaribishwa jikoni. Mama yako alikuwa anamenya ndizi za mtori na hakuwa na haraka na habari za safari. Alimenya, akamenya, kisha bila kuniangalia akauliza vilevile kama mwanzo. Nikafungua mdomo niseme Hamisi alikuwepo.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alikuwa peke yake."

Mpaka sasa sijui kwa nini. Labda kwa sababu yeye hajawahi kunidanganya. Nikamweleza yote, mpira, nyuzi za gitaa, mlivyoagana, na ombi la Hamisi pia. Aliweka kisu chini akajifuta macho kwa kanga. Alilia bila sauti, na mimi nikalia naye, ndizi zikabaki zinageuka nyeusi kwenye beseni.

Halafu akasema, "Baba yake alikufa chumba kimejaa watu. Alikuwa anawaomba watoke, hawakutoka." Akakichukua tena kisu. "Huyo Hamisi mwambie nimeshukuru. Mwambie aika, asante ya kwetu, na alale."

Nimempigia Hamisi nikamwambia. Akaniomba nirudie, nikarudia.

Siku ile nilikaa mpaka ng'ombe akakamuliwa. Tulikula wawili kwenye meza ile ndefu. Ndugu zako wote wako Dar, wanapiga simu, wanatuma vitu, ni watoto wazuri. Lakini nilipoaga nilimwona anafunga dirisha moja, anakwenda chumba cha pili anafunga lingine, na vyumba ni vingi. Nilishuka mpaka barabarani nikiwa nimekukasirikia, Deo. Hukupaswa kuniachia kuona vile peke yangu.

Hasira imepoa. Sasa nakuaga, kwa sababu siku ya mazishi sikuweza. Pumzika. Yule wa Arusha nitamzoea, ila usiniharakishe.

Na mama yako nakuahidi. Nitapanda kila Jumapili, njia ikipitika na isipopitika. Siku yake ikifika nitakuwa naye chumbani. Akiniomba nitoke, nitatoka, nitakaa mlangoni.

Vero