Mgeni Ale Kwanza

Jumanne, 4 Novemba

Nimetoka kazini Vällingby, giza tayari. Sufuria za jiko la shule zimenimaliza mgongo. Nikapitia dukani Kista kununua kuku na sombe ya barafu, kisamvu chetu. Alhamisi watu wa manispaa wanakuja kutueleza mpango wao wa usalama wa mtaa wetu wa Hjulsta. Watatukuta kwenye ukumbi wetu wa chini, ule wa kando ya chumba cha kufulia. Mimi ndiye mwenyekiti wa kina mama na ufunguo ninao mimi. Kwa hiyo mpishi ni mimi. Nani mwingine?

Alhamisi, 6 Novemba

Wamekuja. Aliyezungumza ni binti mmoja, Linnea, sauti laini. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikampenda papo hapo.

Akaonyesha picha ukutani. Taa mpya njiani. Vizuri. Kamera. Haya. Mabenchi ya nje yang'olewe, wauza madawa wasipate pa kukaa. Na ukumbi huu ufungwe, uwe stoo ya baiskeli, maana vyumba vya chini ndimo mabaya yanamojificha.

Baiskeli!

Hapa ndipo tunapokaa matanga. Huku kwa Waswidi maiti hungoja wiki nzima na zaidi kabla ya kuzikwa, na watu huja kila jioni kukaa na wafiwa. Kwenye nyumba ya vyumba viwili utawaweka wapi? Na Mzee Gervais yuko hospitali, madaktari wameacha kuahidi. Ni baba yake Mama Neema, jirani yangu Mrundi.

Mama Neema alitaka kusimama aseme. Nikamvuta kitenge. "Acha bageni bakule kwanza." Kwetu Bukavu mgeni hapingwi mbele za watu, tena akiwa na njaa. Hula, hushukuriwa, halafu kesho yake wawili humfuata pembeni wakamwambia ukweli kwa upole. Basi tukapakua. Linnea aliongeza sombe mara ya pili. Tukaimba, tukapiga makofi, mimi nikapiga vigelegele. Wakapiga picha, wakaondoka wamefurahi.

Mama Neema hakula.

Ijumaa, 7 Novemba

Tumemfuata mgeni pembeni, kama inavyotakiwa. Mama Neema na mimi, vitenge vya kanisani, hadi ofisini kwao mjini. Linnea hayupo. Kijana wa mapokezi akasema maoni yalipokelewa kwenye mkutano, na mkutano umekwisha. Nikamwambia kwetu mkutano ndiyo kwanza unaanza. Akatabasamu. Tabasamu la kuonyeshwa mlango.

Kwenye treni Mama Neema alikaa kiti cha mbali nami hadi Hjulsta.

Jumatano, 12 Novemba

Tangazo limebandikwa mlango wa chini. Linasema wakazi waliupokea mpango kwa furaha kubwa. Kuna na picha. Mimi katikati, mdomo wazi, vigelegele.

Nikamwita binti yangu Esther aje aone uongo huo. Akasoma, akaniangalia. "Men mamma, ni klappade ju." Eti si tulipiga makofi! Nikamwambia makofi yalikuwa ya mgeni, si ya baiskeli. Hakuelewa. Amezaliwa huku. Nikamfokea hadi akajifungia chumbani, na haki ilikuwa yake nusu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wetu ametuacha wagonjwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Polisi wamejaa uwanjani tena. Kijana amechomwa kisu karibu na mabenchi, mama yake nasali naye. Nimeogopa. Esther hupita pale kila siku.

Sitaki kuwa mtu wa kukataa kila kitu. Taa nazitaka. Kamera waweke. Lakini wanaondoa mahali pa kukaa ili wabaya wasikae. Wazuri je? Wakishatufungia sote ndani, nje watabaki nani? Hao hao wenye visu.

Jumapili, 16 Novemba

Baada ya ibada Esther alikuja jikoni. Kumbe amempigia Linnea simu. Linnea atarudi Alhamisi, uamuzi bado haujapitishwa. Nikamkumbatia. Nikaanza kuwaza sambusa.

"Usipike, mama." Kwa Kiswahili alisema, nikajua ni zito. "Usipike, usiimbe. Hata chai usitoe. Mukiwapa chakula, wataandika tena tumekubali."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimefanya jambo ambalo marehemu mama yangu asingeliamini.

Linnea alifika na theluji mabegani, anakohoa. Akavua viatu. Akaangalia meza. Tupu. Kina mama wamekaa kama mahakamani. Alipokohoa mara nyingine mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye chupa ya chai niliyoificha chini ya kiti. Mama Neema akanishika kifundo cha mkono. Ana nguvu, huyo mwanamke.

Halafu akasimama. Kiswidi chake kimevunjika lakini kilitosha. Baba yangu anakufa. Watu watakuja. Niambie niwaweke wapi.

Linnea alitoa kalamu. Kisha akaandika. Mara ya kwanza hakuandika kitu, alikuwa na sahani mkononi. Akauliza maswali mengi, akajibiwa bila kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Akatushukuru, akavaa viatu, akaondoka anakohoa. Hatukumpa hata maji.

Esther alifurahi njia nzima kupanda ngazi. Mimi nilijisikia mchafu.

Ijumaa, 28 Novemba

Linnea amepiga simu. Mabenchi yatang'olewa. Ukumbi unabaki kwetu. Mama Neema alilia kwa sauti kwenye chumba cha kufulia, mashine zinazunguka. Nikalia naye. Tumeshinda. Najirudia neno hilo.

Jumanne, 2 Desemba

Mzee Gervais alifariki juzi. Leo jioni ukumbi umejaa. Warundi, sisi Wakongo, Wanyarwanda, hata yule bibi Mswidi wa ghorofa ya kwanza. Nimepika tangu asubuhi.

Linnea naye amekuja. Esther alimpa habari. Akavua viatu, akampa Mama Neema mkono, akakaa pembeni karibu na ukuta. Wimbo wa pili ulipoisha akafungua mkoba. Akatoa chupa yake ya chai na kikombe kutoka nyumbani, akajimiminia taratibu, asimsumbue mtu.

Nikapakua wali na sombe, ile aliyoipenda. Nikampelekea mwenyewe. Akaniangalia kwa heshima kabisa, kama mtu aliyejifunza desturi za watu. Akasema asante, amekula kwao kabla ya kuja.

Nikakaa karibu naye, sahani mapajani, hadi chakula kikapoa.