Rangi Aliyoikataa Mama Mkwe

Gongoni,
Tabora.
3 Novemba 2024.

Mpendwa Shangazi Kabula,

Shikamoo, Shangazi yangu! Goti linaendeleaje baada ya upasuaji? Umeshaanza kutembea bila mkongojo? Na hapo Mtwara joto limepungua, au bado mnalala madirisha wazi? Sisi hatujambo kabisa. Mimi ndiyo usiseme: nimeshika kalamu na pete inang'aa, kila mstari nasimama kuitazama.

Najua picha za harusi umeziona, lakini simu inadanganya rangi. Rafiki yangu mmoja anasema sare yetu ilionekana ya rangi ya machungwa kwake, na mwingine wa Dodoma akadhani ni nyeupe. Wacha nikueleze mwenyewe, maana rangi hiyo nusura initie aibu ya maisha.

Tuliichagua hapa Gongoni, dukani kwa Bi Fakhria. Akatuteremshia jora baada ya jora. "Hii pinki ya mtoto mchanga. Hii waridi la asubuhi. Na hii, mwanangu, naiita haya ya bibi harusi, ona inavyojificha!" Halafu akafungua moja ambayo si pinki wala si dhahabu, ina mng'ao mdogo kama shavu lililopakwa mafuta. Akasema hiyo ni shampeini ya pinki, kama ule mvinyo wa sherehe. Nikaiweka shingoni. Amon wangu akasema, "Hiyo hiyo." Shangazi, alivyonitazama! Nilisahau hata kupatana bei.

Jumapili iliyofuata, Godbless, mwenyekiti wa kamati yetu, akasimama kanisani wakati wa matangazo na kusema kwa sauti kubwa kwamba sare ya akina mama ni shampeini. Vijana wakaangua kicheko. Mama mkwe wangu, kiongozi wa kwaya ya akina mama, ambaye hata togwa anainusa kwanza kabla ya kunywa, hakucheka.

Nje ya kanisa alimwambia Amon, "Sijainywa maisha yangu yote, leo niivae?"

"Mama, ni rangi tu."

"Basi vaeni ninyi walevi. Mimi nitavaa sare yangu ya kwaya, nikae nyuma."

Unajua mila yetu. Mama mkwe ndiye anayempokea bibi harusi mlangoni na kumshika mkono. Akikaa nyuma, mji mzima utasema nimekataliwa. Kubadilisha kitambaa haikuwezekana, siku ya tatu tu akina mama walishakata na wengine walishashona. Na mchumba haendi kubishana na mama mkwe juu ya nguo. Nililia hadi Amon akaogopa.

Bi Fakhria alipopata habari hakutuuliza. Alivaa baibui, akachukua kipande cha kitambaa na bajaji hadi Itetemia. Amon alikuwepo nyumbani kwao, ndiye aliyenisimulia.

"Mama Amon," alimwambia, "na mimi sijawahi hata kuinusa. Jina lilikuja na jora. Mimi nimeuza kitambaa, sikuuza chupa."

"Sasa mbona ukaliacha jina hilo, dada yangu?"

"Nilikosa jingine. Nipe wewe."

Mama mkwe akatoka nacho uani kwenye mwanga. Shangazi, si unakumbuka huku kwetu miyombo inavyochipua kabla ya mvua, majani yakiwa bado mekundu mepesi na laini? Nyuma ya nyumba yao ilikuwa imechipua yote. Akakiinua kitambaa, akakilinganisha na matawi, akakishusha, akakiinua tena.

"Haya ni majani ya miyombo," akasema. "Yakitoka hivi, watu wanatayarisha majembe. Rangi iko uani kwangu, ninyi mnaitafuta Ulaya!"

Jumapili iliyofuata aliomba nafasi ya kurekebisha tangazo. "Sare ni rangi ya miyombo michanga. Anayetaka ile nyingine akaitafute baa." Kanisa lilicheka, Godbless akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Na siku yenyewe! Niliposhuka garini nilimwona mlangoni, gauni refu, kilemba cha kitambaa kile kile, amependeza kuliko sisi sote. Akanishika mkono. "Karibu, mwanangu. Umekuja na mvua." Hakukuwa na wingu hata moja. Nililia hivyo hivyo, wanja wote ukaharibika.

Amon anakusalimu sana. Bado anaziita rangi zote pinki, lakini asubuhi ananichotea maji ya kuoga bila kuombwa, basi namsamehe.

Juzi mama mkwe aliniuliza, "Shangazi yako aliyekulea alivaa nini siku ile?" Nikamwambia ulikuwa wodini. Akaingia chumbani, akatoka na mkasi na kitambaa alichojiwekea kushonea gauni la pili, akakata cha kukutosha. Ndicho kilichomo kwenye kifurushi hiki. Amesema picha ya familia haitundikwi ukutani mpaka yako ukiwa umevaa sare hiyo ifike, maana mahali pa shangazi hapaachwi wazi. Msumari ameshaupigilia.

Nisalimie kaka Emilian na wanawe, na majirani waliokuuguza. Mungu aliyekuinua kitandani akuongezee nguvu, ushone na uvae kwa furaha.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Shukrani wako, mke wa Amon
(ndiyo mara yangu ya kwanza kuliandika jina hilo!)