Adhuhuri Mara Mbili

Hospitalini, mjini Unguja
Jumatatu, mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, bado linakusumbua ukishuka shambani kuchuma chai? Na ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeshampa shangazi kama kawaida yako? Huku kuna joto lisilo na adabu, Mama. Nikikumbuka ukungu wa Tukuyu asubuhi na moshi wa jikoni kwako, natamani hata kulia. Mimi ni mzima. Nalitanguliza hilo kwa sababu nakujua: ukiona neno hospitali hapo juu utapiga yowe, majirani wajae uwanjani kabla hujafika mstari wa pili. Aliyelazwa si mimi. Ni Zuwena.

Zuwena ni yule ninayelala naye chumba kimoja bwenini, aliyekusalimia kwenye simu ukasema anaongea kama mtangazaji wa redio. Nilitaka kukupigia tangu jana. Nikishika simu kilio kinanishika, na wewe ukinisikia nalia utadhani nakuficha jambo. Tena nesi hataki simu wodini, ana macho huyo mama, hata ukiipapasa mfukoni anajua. Basi nimekaa hapa kando ya kitanda naandika. Kaka Ambakisye anapanda basi kesho kutoka Dar; barua hii ikivuka na boti leo, ataileta mpaka mlangoni.

Nianze na mchezo wenyewe, maana najua hujawahi kuuelewa na kila mara unaniuliza kama bado nacheza "mifuniko". Ni kisahani cha plastiki, ndiyo, kinafanana na mfuniko wa ndoo. Mnakuwa saba kwa saba, wanaume na wanawake pamoja. Ukikidaka husogei nacho, unamrushia mwenzako, mpaka mmoja wenu akidakie ndani ya eneo la mwisho upande wa wapinzani, hapo mmepata pointi. Lakini jambo linalowashangaza wote wanaokuja kutazama ni moja: hakuna refa. Ukichezewa vibaya unasema mwenyewe "faulo", mchezo unasimama, mnaelewana wawili, mnaendelea. Neno la mchezaji ndiyo filimbi. Anayesema ameguswa, ameguswa. Anayesema ni mzima, ni mzima. Mimi niliupendea hapo hapo, kwa sababu mpira wa miguu wa kule kwetu ulikuwa ugomvi mtupu, baba mdogo Anyosisye atakubaliana nami, yeye aliyewahi kumkimbiza refa na jembe.

Zuwena ndiye nahodha wetu. Kwao ni Makunduchi, kusini kabisa ya kisiwa, na anasoma mwaka wa mwisho. Mwembamba, mtandio ameufunga nyuma ya shingo, suruali pana, na mbio zake usiseme. Msaidizi wake ni Hemedi, kijana wa mjini, mrefu, mcheshi, anayejua kila kitu hata asichokijua. Mashindano ya vyuo yalikuwa Jumamosi na Jumapili, kwenye uwanja mmoja upande wa Mwanakwerekwe, ng'ambo kidogo ya soko. Zuwena alikuwa ameyasubiri mwaka mzima. "Atu," aliniambia, "mie nkiondoka hapa bila kombe, wallahi ntaona haya hata kuchukua cheti."

Jumamosi asubuhi, mchezo wa pili, kisahani kilirushwa juu, kikaanza kushuka mbali naye. Zuwena akajirusha mzima mzima. Msichana wa upande wa pili naye alikuwa anakuja mbio, na goti lake likakutana na kichwa cha Zuwena, hapa juu ya sikio. Mama, nilisikia. Tulikuwa na kelele uwanja mzima, lakini ule mlio niliusikia. Akalala kifudifudi, na mimi nikaanza Baba Yetu moyoni, nikafika kwenye mkate wetu wa kila siku ndipo akainuka. Akajipangusa mchanga. Yule msichana analia, anamshika mikono, "Dada nisamehe, uko sawa?" Zuwena akacheka. "Mie mzima. Hata faulo siiti." Watu wakapiga makofi. Tukaendelea, na tukashinda.

Ikafika adhuhuri. Wenzangu wakaenda kusali, Zuwena akiwamo, mimi nikabaki na mabegi na chupa za maji kama siku zote, maana kwa wasichana wa timu Mkristo ni mimi peke yangu. Hemedi hunitania kwamba mimi ni waziri wa mabegi. Waliporudi tukala, wali na mchuzi wa samaki, kila mtu na sahani yake. Zuwena alikula vizuri tu. Kisha akasimama, akanawa, akatia udhu, akaja kwangu na uso mkavu kabisa. "Atu, nshikie simu yangu, niwahi kusali adhuhuri, isinipite."

Nikamtazama. Nilidhani ananitania. Akaenda, akatandika msala wake kivulini, akasali, taratibu, bila haraka yoyote.

Mimi mambo ya rakaa nayajua wapi, Mama? Nikamfuata Hemedi, nikamwambia Zuwena anasali tena sala ile ile. Hemedi akaniangalia kwa huruma, kama mtoto aliyeuliza kwa nini mvua inanyesha. "Yakhe Atu, labda udhu ulimtenguka, kairudia. Au analipa sala iliyompita. Ibada ya mtu haiulizwi." Wasichana wengine waliokuwa karibu wakaitikia, eti Zuwena mcha Mungu tangu zamani. Hakuna hata mmoja aliyemwendea. Hapa kwao mtu akiwa kwenye msala humwingilii, na akitoka humhoji, ni utovu wa adabu. Nikasema haya, dini yao wanaijua wenyewe.

Akarudi, akakunja msala. Akasema, "Haya, tushasali, tule sasa. Mie njaa inaniuma." Sahani yake ilikuwa pale miguuni pake, ina miba ya samaki.

Nikamwambia, "Zuwena, tumeshakula." Akaitazama ile sahani, akanitazama mimi, akacheka. "Aa, mchovu mie, usinijali." Akakaa chini.

Alasiri tulipokuwa katikati ya mchezo, maiti ilipita barabarani kuelekea makaburini. Mwanakwerekwe makaburi yako hapo hapo, ni jambo la kila siku, lakini mchezo ulisimama wenyewe. Hemedi na wenzake watatu wakatoka mbio na jezi zao kwenda kutia bega kwenye jeneza, hatua chache, kwa ajili ya thawabu, kisha wakarudi. Zuwena alikuwa kando yangu. "Nani kafa?" akaniuliza. Nikasema sijui, mtu wa mtaani. "Masikini. Allah amrehemu." Akainama akafunga kamba ya kiatu. "Atu, nani kafa?" Nikarudia kwamba sijui. Jeneza likakata kona, vumbi likatulia, wanaume wamesharudi wanahema. Zuwena akanivuta mkono, macho yake yametulia kabisa, akasema, "Hebu n'ambie, ile maiti ya nani?"

Mama, niliogopa. Siwezi kulipamba hilo. Nilimwendea Hemedi tena, mara hii nikiwa mkali, nikamwambia kichwa cha Zuwena si kizima, tumpeleke hospitali. Hemedi akamwita mbele yangu. "Nahodha, Atu anasema wee mgonjwa." Zuwena akanikata jicho ambalo hajawahi kunikata. "Mie mgonjwa? Nshasema mie mzima. Au neno langu halitoshi siku hizi?" Basi likaisha. Ungemwambia nini? Mchezo mzima umejengwa juu ya neno la mtu, na mwenye neno kashasema.

Jumapili asubuhi akatapika bwenini. Akasema ni samaki wa jana. Nikasema tulikula sufuria moja, mbona sisi hatujatapika? Akanishika mabega yote mawili, mikono yake ya baridi, akaniambia kwa upole, "Atu, dada yangu, fainali moja tu. Ikisha, nchukue unipeleke unakotaka, hata kwa mganga. Na usimpigie mama yangu, atakuja mbio kutoka Makunduchi bure." Nikakubali ile fainali moja. Nilimwambia nitamtazama, na nikimwona vibaya nitausimamisha mchezo mimi mwenyewe. Akasema, "Hutothubutu."

Fainali tulipangiwa na chuo kimoja cha Dar. Watu walijaa, vuvuzela, watoto juu ya ukuta, muuza juisi ya miwa anapiga kelele kuliko timu zote mbili. Mwanzoni Zuwena alicheza vizuri mpaka nikaanza kujiona mpuuzi. Tukaenda sambamba, wakipata tunapata. Kuelekea mwisho, tukiwa tumelingana, akadaka kisahani karibu kabisa na eneo letu la ushindi. Hemedi alikuwa peke yake mbele, hana mtu, anapunga mikono yote. Zuwena akageuka nyuma. Akamtazama msichana wa Dar, mwenye jezi nyekundu, akamrushia kisahani kifuani kwa ulaini, kisha akamfuata, akasimama naye kwenye mstari wao, kama yuko na watu wake.

Watu wakacheka. Mama, walicheka.

Mimi nikapaza sauti, "Jeraha!" Kanuni inaruhusu mwenzako akuitie. Kila mtu akasimama mahali alipo. Hemedi akaja akihema, "Nani kaumia?" Nikasema, "Zuwena." Zuwena akasikia jina lake, akaja mbio, uso umewaka. "Muongo huyu! Nani kakwambia nimeumia? Unanfedhehi mbele ya watu, Atu, mie nimekukosea nini?" Timu yangu mwenyewe ikaanza kunipigia kelele. Mmoja akasema, waziri wa mabegi leo kapata wazimu. Nikasema mimi sitoki hapa katikati, nibebeni. Nilikuwa nalia na hasira, machozi na makamasi pamoja, unanijua nikipandisha.

Nahodha wa Dar, dada mmoja mrefu mtulivu, ndiye aliyesogea. Hakumuuliza kama ni mzima. Alisema tu, "Nahodha mwenzangu, wewe ndiye wa kusema, tutakusikiliza. Niambie kwanza, ngapi kwa ngapi?"

Zuwena akafungua mdomo kwa haraka, kama mtu mwenye jibu. Akaufunga. Akatazama watu kwenye ukuta, akatazama jezi yake yenye jasho na mchanga. Kisha akamuuliza yule dada kwa adabu, "Kwani tushaanza?"

Hakuna aliyecheka tena. Hemedi alimshika mkono, na hapo hapo miguu ya Zuwena ikamlegea, akamwangukia begani. Gari walilokodi wale wa Dar ndilo lililotukimbiza hospitali. Kombe sijui limeenda wapi na sijauliza.

Wamempiga picha ya kichwa. Daktari ametueleza kwamba damu inavuja polepole kati ya fuvu na ubongo, tangu Jumamosi. Inabidi afunguliwe kichwa, na wanapanga kumvusha Dar leo jioni, akifika mzazi wake kutia saini. Nikamuuliza, atapona? Akasema, "Tungempata juzi ningekujibu vizuri zaidi." Hemedi yuko nje kwenye benchi tangu jana, na jezi yake ile ile, hali, hanywi. Nilipompelekea chai akasema, "Atu, mie ndo n'losema ibada haiulizwi," akafunika uso. Nikamwachia kikombe.

Zuwena anaamka, analala. Akiamka ananitabasamia, ananiita dada, lakini jina langu hajalitaja tangu asubuhi. Mama yake nilimpigia mimi mwenyewe tangu jana, nikampata leo asubuhi. Nilivunja ahadi, na sijuti.

Mama, nisalimie wote. Baba mdogo Anyosisye mwambie aache jembe ghalani siku za mechi. Shangazi Tusekile mwambie nimemkumbuka, na ile dawa airudishe. Mdogo wangu Lusajo mwambie asome, na asipande miti ya watu akaanguka akanyamaza. Akianguka aseme, hata kama amevunja tawi la jirani. Bibi mshike mkono kwa niaba yangu. Kanisani mkisali mtajeni Zuwena kwa jina lake, ni Mwislamu lakini Mungu hatauliza.

Nilikuwa nimeshafika hapa, Mama, nataka kuikunja, mama yake akaingia. Bi Mwajuma. Kanga mbili, viatu vina vumbi la safari, anahema. Nikampisha kiti. Zuwena akafumbua macho, akamtazama, na uso wake ukachangamka, nikasema Bwana asifiwe, amemjua.

Akajiinua kidogo, akamwamkia vizuri kwa heshima zote, akasema, "Karibu, bibi. Umekuja kumwangalia nani?"

Bi Mwajuma hakulia. Akakaa, akavuta shuka, akamfunika miguu. "Nimekuja kumwangalia mwanangu," akasema.

"Allah ampe shifaa," Zuwena akamwambia.

"Amin," mama yake akasema. "Amin, mwanangu."

Wanaleta kitanda cha magurudumu sasa. Naenda nao.

Mwanao,
Atupele